Kila nikipiga mswaki natema damu

Daktari, assalaam aleikum.

Mimi ni mama wa watoto watatu na wa nne yuko njiani. Mimba ina miezi mitano. Naishi Bombo, hapa Uganda, nauza chai na mandazi karibu na steji ya teksi. Nakuandikia kwa sababu mdomo wangu umenishinda.

Tangu mimba hii iingie, kila nikipiga mswaki natema damu. Mwanzoni ilikuwa kidogo, kama mtu aliyechomwa na mwiba wa samaki. Sasa hata nikiuma muwa naona wekundu kwenye muwa. Fizi zimevimba, hasa kati ya meno ya mbele ya chini. Nilipoona hivyo nikaacha kupitisha mswaki upande ule, nikawa nasukutua kwa maji ya chumvi tu. Damu ilipungua siku mbili tatu, kisha ikarudi na nguvu zaidi. Haboba, yaani bibi, wa mume wangu ananiambia nisihangaike, kila mtoto huondoka na jino la mama yake. Yeye alizaa tisa, na meno aliyobaki nayo unayahesabu kwa mkono mmoja.

Jirani alinishauri nikasafishwe meno hospitalini, lakini mume wangu hataki kusikia. Anasema rafiki yake alisafishwa na wiki haikuisha meno yakaanza kucheza. Yeye mwenyewe ana miaka 44, anatafuna mairungi (miraa) na wenzake kila jioni, sigara anavuta, na fizi zake hazitoki damu hata tone. Ananicheka: "Wewe unajisugua kupita kiasi. Mimi napiga mswaki mara moja kwa siku, na nitazame." Lakini Daktari, meno yake mawili ya chini yanatikisika, nayaona anapokula. Na pumzi yake, Mungu anisamehe, inanuka hata akitoka kupiga mswaki. Usiku hulala na jagi la maji kando ya kitanda, maana mairungi humkausha, halafu anaamka mara tatu nne kwenda chooni.

La mwisho. Mdogo wangu ana mtoto wa miezi mitano, anaharisha na ana homa. Mama mmoja wa mtaani amemfunua ufizi akasema ni ebinyo, yaani meno mabaya yanayomuumiza mtoto, anataka shilingi 20,000 ayatoe. Tumemzuia kwa leo tu. Kwetu wengi wametolewa na wako hai. Tufanye nini?

Mama wa Mandazi, Bombo

*

Wa aleikum salaam, dada yangu.

Barua yako ina mambo matatu, na la tatu ndilo lililoniinua kitini. Mtoto anayeharisha hangoji safu itoke, ndiyo maana ulipata simu yangu jioni ile ile, na nimefurahi kusikia kwamba mdogo wako alimbeba mtoto hadi kituo cha afya, hakumpeleka kwa yule mama. Narudia hapa niliyokuambia kwa sababu najua zipo barua nyingine kama yako ambazo hazijaandikwa.

Ukimfunua ufizi mtoto wa miezi mitano, pale pa chonge utaona kivimbe cheupe cheupe. Hicho ni chonge cha utotoni, bado laini, kimelala kikingoja zamu yake, nayo zamu yake ni kati ya mwezi wa 16 na wa 22. Kila mtoto anacho, mwenye homa na asiye na homa. Ila mtoto asiyeumwa hakuna anayemfunua mdomo kumtazama. Ukitaka kuhakikisha, mfunue mtoto wa jirani mwenye umri huo anayecheka na kunyonya vizuri, utakikuta pale pale.

Basi anayetoa ebinyo huchokora kwa spoku ya baiskeli, msumari au kisu, anaibua kitu cheupe laini, anamwonyesha mama: umeona mdudu? Majirani zetu wa Tanzania huyaita meno ya plastiki, kwa sababu ni kweli hayafanani na jino. Jino changa halifanani na jino, kama yai lisivyofanana na kuku. Na chini ya hicho kilichochokolewa imelala mbegu ya chonge cha ukubwani, ambayo nayo huguswa. Nimewapokea watoto wa miaka 11, 12, wameletwa kwa sababu chonge kimetoka kimepinda, au kidogo kama punje ya mchele, au hakikutoka kabisa. Namuuliza mama, mama ananyamaza kidogo, halafu anakumbuka. Hao ndio waliobahatika. Wapo waliofika hospitalini wameishiwa damu, wapo waliopata pepopunda, na chombo kilichotoka mdomo huu kikaingia mdomo ule kinaweza kubeba virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini.

Unasema wengi wametolewa na wako hai. Nakubali. Kuhara kwa mtoto mara nyingi huisha kwenyewe baada ya siku kadhaa, na mtoaji haitwi siku ya kwanza; huitwa siku ya nne au ya tano, wakati ugonjwa wenyewe unajiandaa kuondoka. Ukiondoka, sifa anazichukua yeye. Wale ambao haukuondoka hawapo hapa kutoa ushahidi.

Na kwa nini umri huo huo? Kwa sababu ndipo mtoto anapoanza kuingiza kila kitu mdomoni, ndipo wengine wanapomwonjesha uji wa kwanza, ndipo kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama inapopungua. Meno yanasingiziwa kwa kuwa yamekutwa mahali pa tukio. Mtoto wa hivyo anahitaji maji ya ORS, vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, ziwa la mama bila kukatizwa, na kupimwa malaria kwa sababu ana homa. Akiwa macho yameingia ndani, hanyonyi, anatapika kila kitu, amelegea, ana degedege au choo kina damu, usingoje kesho. Waulize pia kama alipata chanjo ya rota, ya kuzuia kuhara, ambayo iliingia kwenye ratiba ya watoto wa Uganda mwaka 2018.

Sasa wewe.

Umefanya jambo ambalo karibu kila mgonjwa wangu amelifanya, na sikulaumu, kwa sababu lina busara yake: mahali panapotoka damu ukapaonea huruma. Mkono ukichubuka, unauacha upoe. Ufizi haufuati kanuni ya mkono. Pitisha ukucha sasa hivi pale jino lako la chini linapokutana na ufizi. Ule uji mweupe unaobaki chini ya ukucha ndio kisa chote. Ni utando wa vijidudu, unaanza kujijenga saa chache tu baada ya kusafisha, na mwili huuona kama adui aliyepiga hema mlangoni. Unapeleka damu nyingi pale, ufizi unavimba, ngozi yake inakuwa nyembamba, ukiigusa inavuja. Damu ilikuwa imeshakusanyika kabla mswaki haujafika. Mswaki umeifichua tu.

Mwaka 1965, huko Aarhus, Denmark, mtafiti wa meno Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzuri waache kabisa kusafisha meno. Ndani ya wiki mbili hadi tatu wote walikuwa na fizi nyekundu zilizovimba. Wakarudishiwa miswaki yao, na kwa muda wa wiki moja hivi fizi zikarudi zilivyokuwa. Hakuna kidonge kilichomezwa wala dawa iliyopakwa. Wewe umelifanya jaribio hilo hilo hapo Bombo bila kujua, ila umeishia nusu ya kwanza.

Maji ya chumvi hayana ubaya, yanatuliza uvimbe, na ndiyo maana ulipata nafuu ya siku mbili. Lakini utando hautoki kwa kusukutua. Wewe ni mtu wa jikoni: sufuria iliyogandwa na posho (ugali), unaweza kuimwagia maji hata asubuhi mpaka jioni, mwisho utatafuta kitu cha kuisugulia.

Kwa hiyo sugua pale pale panapotoka damu. Nunua mswaki wenye nywele laini. Ule mgumu unaofaa viatu waachie viatu. Uelekeze kwenye mpaka wa jino na ufizi, ulale nusu ukigusa jino na nusu ukigusa ufizi, halafu utikise kidogo kidogo, meno mawili au matatu kwa wakati, bila kukandamiza. Nje, ndani, halafu pale pa kutafunia. Dakika mbili ni ndefu kuliko unavyodhani. Zihesabu siku moja kwa saa ya simu uone. Usisahau nyuma ya meno ya mbele ya chini, maana mifereji ya mate hufungukia karibu na hapo, na mate yana madini yanayougeuza utando kuwa ugaga mgumu. Mahali pengine pa hivyo ni magego ya juu upande wa shavu.

Siku tatu nne za kwanza damu itaongezeka. Usiache. Kufikia siku ya kumi inapaswa kuwa imepungua sana. Wiki mbili zikipita na hali ni ile ile, ujue kuna ugaga ambao mswaki hauuwezi, na hapo ndipo zamu yangu inapoanza.

Asubuhi na usiku. Siku utakayokuwa umechoka ukaona huwezi mara mbili, iache ya asubuhi, usiiache ya usiku, kwa sababu ukilala mate hupungua, na mate ndiyo askari wa mdomo. Dawa ya meno iwe na floridi. Tafuta kwenye boksi namba kati ya 1,000 na 1,500 yenye herufi ppm mbele yake. Ukimaliza, tema povu, usisukutue kwa maji. Najua hilo linawashangaza watu. Floridi inahitaji kubaki pale kidogo ifanye kazi yake, na wewe ukijaza kikombe cha maji unaisindikiza hadi kwenye beseni. Mswaki wa mti nao ni mzuri, mimi mwenyewe nautumia mwezi wa Ramadhani, mradi ncha iwe imetafunwa ikawa laini na ufuate ule ule mpaka wa ufizi. Ila mti hauna floridi ya kutosha, kwa hiyo usiku rudi kwenye dawa ya meno. Mkaa uliosagwa na majivu sitaki kuviona. Vinakwaruza gamba la jino, na gamba likiisha halioti tena.

Mimba inaingia wapi hapa? Homoni za mimba hufanya ufizi uwe mkali kwa uchafu ule ule uliokuwa ukiuvumilia zamani. Huanza karibu na mwezi wa pili, hufikia kilele kuelekea wa nane, na hutulia baada ya kuzaa. Kwa hiyo utando kidogo unapiga kelele nyingi. Wengine huota hata kinyama chekundu kati ya meno, kinachotoka damu ukikigusa tu. Kikikuota, njoo kionwe, lakini usikeshe ukilia: mara nyingi hunywea chenyewe baada ya kujifungua. Na kama bado unatapika asubuhi, sukutua kwanza kwa maji, ngoja nusu saa, ndipo upige mswaki. Asidi ya tumbo hulainisha gamba la jino, ukisugua papo hapo unalisugulia mbali.

Haboba umsalimie. Hakudanganya, alihesabu alichokiona mdomoni mwake. Ila hesabu yake ina njia nyingine. Jino lililokwisha ota halitoi tena kalsiamu kumpa mtoto. Mtoto huchukua kalsiamu kwenye chakula chako, na kikipungua huenda kwenye mifupa yako, kwa hiyo mukene, yaani dagaa, ule unaoliwa na mifupa yake, ni rafiki yako miezi hii. Meno ya haboba yaliondoka hivi: miaka ishirini ya mimba na kunyonyesha, fizi zikivuja, na kila aliyemwona akimwambia aziache zipumzike. Kila mimba iliukuta ugaga wa mimba iliyopita. Kama kuna mtu wa kulaumiwa, basi ni sisi wa koti jeupe tuliokuwa tukiwaambia wajawazito warudi baada ya kuzaa. Wakizaa, nani ana muda wa kurudi?

Jambo moja la kazini kwako, na hili nalisema nikiwa mteja mkubwa wa mandazi. Anayeuza chai huinywa siku nzima, funda moja sasa, funda lingine akishahudumia. Kila funda lenye sukari huwapa vijidudu chakula, nao hutengeneza asidi kwa muda wa karibu nusu saa. Chai ya vijiko vitatu ukiinywa yote kwa kikao kimoja na mandazi yako, mdomo unapumzika baadaye. Ukiigawa toka saa moja asubuhi hadi saa sita, haupumziki kabisa. Kinachonitisha mimi ni idadi ya mafunda kuliko idadi ya vijiko.

Kuhusu kusafishwa: uko mwezi wa tano, na miezi ya katikati ndiyo inayofaa zaidi kwa matibabu ya meno, tumbo halijawa kubwa la kukuzuia kulala kwenye kiti. Lakini jipu au maumivu makali hayangoji mwezi. Hutibiwa wakati wowote. Sindano ya ganzi tunayoitumia, lignokeini, ni salama kwako. Mwambie daktari una mimba hata kama inaonekana, maana kuna dawa zisizokufaa: tetrasaiklini na doksisaiklini huharibu rangi ya meno ya mtoto aliye tumboni, na dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki uziache, hasa kuanzia wiki ya 20. Maumivu yakikubana usiku, parasetamoli. Na tafadhali, kidonge cha aspirini usikibandike kwenye ufizi, kinauchoma kama moto. Wala maji ya betri usikubali yakaribie mdomo wako, hata akiyaleta mtu unayemheshimu.

Sasa rafiki wa mzee, ambaye meno yake yalicheza. Naamini yalicheza. Hebu mtazame mtu mwenye ua wa miti. Mvua imekula udongo kuzunguka nguzo mwaka hadi mwaka, lakini matope yaliyokauka yamezishikanisha nguzo juu juu, zinaonekana imara. Siku anayoyabomoa matope, nguzo inayumba, na lawama inamwangukia aliyeleta jembe. Ugaga ndio matope hayo. Ukikaa chini ya ufizi miaka mingi, uvimbe unashuka na mwili unaanza kupoteza mfupa unaolishika jino. Jino lenyewe linaweza kuwa zima, jeupe, bila tundu hata moja, na likaanguka. Aliyesafishwa mapema hapati hadithi ya kusimulia, ndiyo maana husikii habari zake kijiweni. Aliyechelewa ndiye anayeipata. Baada ya kusafishwa meno husisimka kwa baridi siku kadhaa, na nafasi kati ya meno huonekana kwa sababu uvimbe umeshuka. Yale yaliyobakiwa na mfupa wa kutosha hukaza baadaye, ufizi ukipona. Mfupa ulioliwa haurudi kwa kusugua, lakini uliobaki unaweza kulindwa.

Na mume wako sasa, anayejivunia fizi kavu. Nikotini ya sigara hubana mishipa midogo ya damu ya ufizi. Ufizi wa mvutaji unaweza kuwa unaugua vibaya kuliko wako na usitoe damu, kwa sababu damu yenyewe haifiki ya kutosha. Wewe kengele yako inalia. Yake imekatwa waya. Meno mawili yanayotikisika na pumzi isiyoondoka kwa mswaki, kwa mtu wa miaka 44, vinaniambia mengi kuliko damu yako yote. Harufu hiyo mara nyingi hutoka ndani ya mifuko iliyochimbika kati ya jino na ufizi, mahali ambapo mswaki haufiki, na pipi ya mnanaa haifiki pia.

Mairungi yana hesabu yake. Majani yamebanwa shavu moja saa nne nzima, mate yamekauka, na uchungu wa majani unakatwa kwa soda, funda funda, kama chai yako. Simhubirii, najua kikao cha jioni ni zaidi ya majani. Ila akiweza kuweka maji mahali pa soda, sehemu ya madhara imepungua bila kumkosanisha na wenzake. Na atazame kwenye kioo lile shavu anapobana: doa jeupe au kidonda kikipita wiki mbili bila kupona kionwe na daktari, hata kama hakiumi. Hasa kama hakiumi.

Lakini kilichonisimamisha kwenye barua yako ni jagi. Umeliandika kwa kupita, umelisingizia mairungi, na huenda uko sahihi. Ila kiu ya usiku, choo mara tatu nne, fizi zilizoharibika, na umri huo, kwangu ni sababu ya kumtoboa kidole nimpime sukari kabla sijamwambia afungue mdomo. Kisukari na ugonjwa wa fizi hulishana: sukari ikipanda fizi huharibika haraka, na fizi zikiugua sukari hukataa kutulia. Mimi si daktari wa kisukari, lakini si mara moja wala mbili kiti changu kimekuwa mahali pa kwanza mtu kukijua.

Kwa kuwa nimetaja meno yanayotikisika, niweke neno kwa wenye watoto. Mtoto wa miaka sita, saba, jino la mbele likitikisika ni furaha ya nyumba. Lakini mtoto ambaye taya linavimba haraka, labda bila maumivu, na magego yanalegea kabla ya wakati wake, asing'olewe jino mtaani. Huenda ni saratani ambayo daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona hospitali ya Mulago, Kampala, na ambayo inabeba jina lake mpaka leo. Hukua kwa kasi ya kutisha, lakini pia ni miongoni mwa saratani zinazosikia dawa vizuri zikiwahiwa. Mtoto wa hivyo apelekwe Taasisi ya Saratani pale Mulago wiki hiyo hiyo.

Uende wapi wewe? Vituo vya Afya IV vinatakiwa kuwa na ofisa wa meno, na ada katika vituo vya serikali zilifutwa mwaka 2001. Lakini uliza kabla ya kupanda teksi: kung'oa wanaweza karibu siku zote, kusafisha kunategemea kama mashine ni nzima. Ukiambiwa mashine imekufa na suluhisho ni kung'oa, shukuru kwa adabu, funga mdomo, nenda kwingine. Meno ya mtu anayetoa damu kwa sababu ya mimba hayana kosa la kung'olewa.

Na siku ya kwenda, usimwambie mzee kwamba yeye ndiye mgonjwa zaidi. Mwambie mama mwenye tumbo la miezi mitano hapandi teksi peke yake. Akishakaa kwenye benchi, mwambie muuguzi kwa sauti ya kawaida kwamba ungependa nyote wawili mpimwe sukari, maana wajawazito nao hupimwa, na mwanaume aliyekaa mbele ya watu ataona haya kuogopa sindano ambayo mkewe ameikubali. Akianza tena habari ya fizi zake zisizotoka damu, usibishane naye. Mpe kioo, umwombe ayasukume yale mawili kwa ulimi.